Filimbi ya Tatu

4 Februari

Kwako wifi,

Pokea salamu za wote wa huku. Kaka yako hajambo, mafua yamemwachia, ila amebaki na ule mchezo wake wa kukohoa ili ahurumiwe. Mapacha wanakula kama wamekodishwa. Kitindamimba wetu ametimiza miaka miwili na anajua neno moja tu, nalo ni "sitaki". Mwambie mama magoti yake hatujayasahau, dawa ya kuchua nimeipata, nitaileta.

Suruali ya michezo uliyonishonea imefika. Ulimpima nani? Kiunoni mtu anaweza kuhamia humo na watoto wake. Nakurudishia uibane.

Sasa kaa kitako, na kama mama yuko karibu, kunja barua ukamalizie chumbani. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu ni ya nyumba nzima. Mapacha husoma ujumbe kabla yangu. Nawe unijibu kwa sanduku la posta la shule.

Wifi, mkojo unanitoka.

Haya, nimeandika. Nimechana karatasi kadhaa kabla ya hii. Tangu nijifungue huyu wa mwisho, nikicheka unatoka, nikipiga chafya unatoka, na nikiruka kamba na wanafunzi ndiyo basi tena. Nilijiambia utaisha wenyewe. Haujaisha. Na sasa ni filimbi. Ukipuliza filimbi kwa nguvu, tumbo linasukuma chini, na kazi yangu mimi ni filimbi. Kwa hiyo nimechukua kengele ya zamani ya shule, naitikisa uwanjani kama muuza barafu, na watoto wameshanipa jina: Mama Kengele. Nacheka nao, miguu nimeibana.

Mwalimu mkuu anasema nimepungua kasi. Amenipa hadi mwisho wa Julai niamue: nibaki na michezo, au nihamie chumba cha vitabu nikabandike majalada. Anadhani ananifanyia hisani. Mimi uwanja ndio kazi pekee ninayoijua, wifi. Kwenye chumba kile nitaoza nikiwa nimekaa.

Mkunga wa kliniki yetu anasema si uzee wala si laana. Ni misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobeba kibofu na kizazi, na wapo wataalamu wa fiziotherapia waliosomea hasa hiyo. Huku hakuna hata mmoja. Huko kwenye mji mkubwa hawakosekani. Alisisitiza, nami nakusisitizia: uulize leseni. Wanaojiita ni wengi, waliosajiliwa ni wachache.

Kaka yako hajui. Tangu mwaka jana nalala na watoto, nasingizia kitindamimba anaogopa giza. Anayeogopa ni mimi. Usimwambie. Nimebaki na wewe tu.

Wifi yako,
Mama Kengele


20 Februari

Mama Kengele wangu,

Nilicheka, nikalia, mama akaniuliza nina nini, nikasema uzi umeniingia jichoni. Hatujambo. Magoti ya mama yanabashiri mvua kuliko redio. Cherehani kubwa imeanza tabia ya kuruka mishono, na fundi wake amegeuka mkwe: kila siku nampikia na mashine haiponi.

Kwanza nikugombeze. Miaka miwili! Mficha uchi hazai, wanasema. Sasa wewe umeshazaa watatu, unamficha nani?

Pili, nani kama mimi? Ulidhani nitahangaika? Juu ya duka la viatu, mkabala na karakana yangu, kuna mama mmoja anaitwa Madamu Tiba. Ni mteja wangu, namjua kama ninavyovijua vidole vyangu. Wanawake wanapanda ngazi zile kutwa nzima. Ana kitanda, ana picha ya mifupa ukutani, ana koti jeupe limenyooka, na kifuani limeandikwa kwa uzi wa bluu: Mtaalamu wa Fiziotherapia. Unataka leseni gani zaidi ya hiyo?

Nimekuwekea nafasi Jumamosi ya kwanza ya Machi. Mwambie kaka unakuja kumwona mama. Wala si uongo, si utamwona?

Suruali nimeibana. Na wewe tutakubana hivyohivyo, utarudi kama mpya.

Wifi yako asiyeshindwa


14 Machi

Fundi,

Nilifika salama. Mapacha walinipokea kwa kunipekua mkoba. Kaka yako aliuliza habari za mama mpaka nikaona haya, maana mama nilikaa naye muda wa kunywa chai tu, na chai yenyewe sikuimaliza. Si unajua kwa nini.

Sikukueleza vizuri tulipoonana kwa sababu mama alikuwa anazunguka pale. Madamu wako ni mtu wa haraka. Hakuniuliza maswali. Hata nimezaa wangapi hakuuliza. Alinigusa tumbo juu ya nguo, akasema, "Umepwaya, mama. Kila kitu kimelegea." Kisha akanipa kazi: nikaze huko chini mara mia tatu kwa siku, pumzi nimeizuia, na nivae mkanda wa kubana tumbo usiku na mchana. Akasema mkanda utanishonea wewe, vipimo anavyo.

Nilitegemea mengi zaidi, lakini mimi nani? Wewe unamjua. Nami ni mwalimu wa michezo, ukiniambia mia tatu nasikia mia sita. Nakaza ubaoni, nakaza jikoni, nakaza kaka yako akinisimulia habari za kazini. Anadhani uso ule ni wa kumsikiliza kwa makini.

Leta mkanda. Julai haiko mbali.

Mama Kengele


5 Aprili

Mwanamichezo wangu,

Pokea mkanda. Nimeushona kwa kitambaa kizito na lastiki mara mbili, maana Madamu alisema ukilegea hausaidii. Ukikuuma kidogo vumilia, kizuri hakiji kwa kubembelezwa.

Mama anakusalimu sana. Anasema uliondoka umekonda, nami nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya suruali niliyoibana.

Kaka alinipigia. Akazunguka, akauliza bei ya nyuzi, akauliza hali ya hewa, mwishowe akasema, "Hivi dada, wifi yako amekuambia lolote kuhusu mimi?" Nikasema hapana. Akasema, "Mtoto gani anaogopa giza mwaka mzima?" Nikasema watoto wa siku hizi. Wifi, nimemdanganya kaka yangu wa tumbo moja kwa ajili yako, na sikusita. Kwa hiyo nisaidie nawe: pona haraka. Kaza!

Fundi wako


2 Juni

Wifi,

Hatujambo. Kaka yako yuko salama. Watoto wako salama. Shule imefunguliwa.

Samahani kwa kuchelewa. Mazoezi naendelea nayo. Mkanda naufunga.

Mkunga ananiomba namba ya leseni ya Madamu Tiba, anataka kumwandikia. Naomba uniulizie.

Nimemwambia mwalimu mkuu anitafutie meza kwenye chumba cha vitabu. Na kiti chenye mto, kama kipo.

Msalimie mama.

Wifi yako


27 Juni

Wifi mpenzi,

Salamu nyingi sana kutoka kwetu sote, na nyingi zaidi kutoka kwa mama, ambaye ameanza kusuka mikeka na sasa hakuna pa kukanyaga. Mvua imenyesha, paa la karakana limevuja juu ya kitambaa cha watu, tukakianika barabarani kama bendera. Jirani yetu wa mbele amemwoza binti yake. Nguo za wasimamizi nilishona mimi, na mmoja alinenepa kati ya kipimo na sherehe, ikabidi nimtie kipande ubavuni. Watu walicheka sana. Ungekuwepo ungecheka.

Fundi wa cherehani amekuja tena. Anasema tatizo ni sindano. Mwezi uliopita alisema ni mkanda wa mashine.

Wasalimie mapacha, waambie shangazi anawashonea kaptula. Kaka pia.

Basi wifi, kwa leo ni hayo.

Nimesahau jambo. Acha yale mazoezi. Na mkanda uvue leo hiihii, usiuvae tena.


4 Julai

Wewe fundi,

Salamu zako nimezipata zote, za mikeka na za paa na za msimamizi aliyenenepa. Na chini kabisa, kama mtu aliyesahau chumvi, unaniambia nivue mkanda. Kwa nini? Sababu iko wapi? Namba ya leseni iko wapi?

Basi nikuambie mimi, maana naona tumekaa tunafichana kama wezi wawili. Barua ya Juni nilikudanganya kwa kunyamaza. Nimezidi kuwa mbaya. Kukaa kunaniuma. Kikao cha walimu nasikiliza nimesimama dirishani. Nikienda haja ndogo, inakataa kutoka nikiwa pale nimejikunyata, halafu inatoka nikiwa njiani nimeshavaa. Usiku mmoja nilijipa moyo nikarudi chumbani kwa kaka yako. Nililia kwa maumivu, wifi. Aliwasha taa akaniangalia kama mtu aliyeua. Nikashindwa kumwambia kwamba hajakosa kitu.

Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa umefurahi. Ulinitafutia wewe, mkanda ukashona wewe, nikaona nikikuambia nazidi kuumia utajilaumu. Nikajilaumu mimi badala yako. Nikasema labda sikazi vya kutosha, nikaongeza.

Sisi ni mawifi wa kuchekana, si wa kufichana. Unajua nini? Niambie.

Wifi yako


12 Julai

Wifi,

Leo sina salamu za kuzungusha. Mama hajambo. Mimi usiniulize.

Siku niliyopata barua yako ya Juni nilipanda ngazi za Madamu. Nilimkuta amevaa koti, anamenya chungwa. Nikamwambia, "Madamu, wifi yangu anaomba namba ya leseni yako."

Akasema, "Leseni ipi, fundi?"

Nikamnyooshea kidole kifuani. "Ya hayo maandishi."

Akacheka. Si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyechekeshwa kweli. "Hayo si uliniandikia wewe?"

Ni kweli, wifi. Nilimwandikia mimi. Mwaka juzi alikuja na kitambaa cheupe, akasema nidarizi maneno haya hapa mfukoni, nikadarizi. Anayetaka jina la timu namwandikia jina la timu, anayetaka "Meneja" namwandikia "Meneja". Sikuuliza, wala halikunijia wazo la kuuliza. Niliona fahari kwamba herufi zilitoka sawasawa. Koti likavuka barabara, likapanda ghorofani, na kila siku nikiinua kichwa naliona dirishani na cheo chake, mpaka nikasahau cheo kile kilitoka chini ya sindano yangu. Wewe uliponiomba mtaalamu, nilikwenda nikasoma mwandiko wangu mwenyewe nikauamini.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nimeishona mimi. Na mkanda pia. Lastiki mara mbili!

Ulinisisitizia leseni. Barua yako ninayo, nimeisoma tena hadi imechakaa kwenye mikunjo. Ulisema uliza, nami nikajibu kwa mzaha. Nilitaka uone kwamba wifi yako hashindwi. Hilo ndilo linalonichoma, kuliko hata koti.

Alisomea nini? Alifagia kliniki moja huko nyuma, akawa anaona wanavyofanya. Na siku hiyohiyo alinitolea kitambaa kipya. Anataka koti la pili, la mtaalamu wa lishe. Nilimwambia avue la kwanza. Hakuvua. Nikashuka nikakaa kwenye cherehani nikakuandikia habari za mikeka, kwa sababu kila nikitaka kuandika hili mkono unakataa. Nilijua unaumia, wifi. Ulivyoomba kiti chenye mto nilijua. Na bado nikaandika mikeka.

Nimekwenda ofisi ya kusajili wataalamu wa afya kutoa taarifa. Karani akauliza nani alimwandikia cheo. Nikasema mimi. Akaninyanyulia macho, akaandika. Watu wa ofisi walipokuja, Madamu alikuwa ameshafunga mlango na kuondoka. Kabla ya hapo nilisimama asubuhi tatu chini ya ngazi zile nikiwarudisha wanawake. Mmoja alinitukana, akasema namwonea wivu Madamu. Mwingine alikuwa na tumbo la miezi mitano. Nilimshika mkono mpaka kituoni.

Palepale ofisini niliomba orodha ya waliosajiliwa na wenye mafunzo ya nyonga. Yuko mama mmoja hospitali kubwa, jengo la nyuma, baada ya chumba cha kufulia. Nilimwomba leseni kabla ya kumsalimia. Akaniangalia juu ya miwani, akainuka akaitoa ukutani, akanipa niishike. Nikalinganisha namba na ile ya ofisini, tarakimu kwa tarakimu, yeye amesimama ananingoja. Akasema, "Laiti wote wangeuliza." Nikatoka nje nikalia kwenye nguo za wagonjwa zilizoanikwa.

Amekuwekea nafasi tarehe 26. Usipotaka kuja kwa sababu ni mimi niliyemtafuta, nitaelewa. Lakini nakuomba uje. Si lazima ufikie kwangu.

Mimi


25 Agosti

Fundi,

Nimeandika barua hii kwa siku nyingi, kipande kipande, nimesimama na nimekaa. Ndiyo, nimekaa. Kidogo.

Kaka yako na watoto hawajambo. Kitindamimba ameongeza neno la pili, nalo ni "nataka", na maisha hayajawa rahisi zaidi.

Nilikwenda ile tarehe 26 Julai na sikufikia kwako. Nilipita mbele ya karakana. Ulikuwa umeinamia cherehani, mama ameketi mlangoni anasuka. Nikapita upande wa pili kama mdaiwa. Siku ile nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikutaka kukaribishwa chai.

Huyu mama wa miwani ni mtu mwingine kabisa. Kwanza aliniuliza. Nimezaa lini, vipi, mtoto alikuwa na uzito gani, nilichanika wapi, choo nakipataje, maji nakunywa kiasi gani, nalala vipi, nini kinauma na kinaumaje. Hakuna aliyewahi kuniuliza yote hayo. Nilianza kujibu kama mwalimu, nikamaliza natafuta leso. Kisha akanieleza atakavyonipima, kwa glovu, na kwa nini, na akasema, "Ukisema acha, naacha." Nilisema acha mara moja. Akaacha kweli.

Akasema misuli yangu haikuwa imelegea. Imekakamaa. Ilikuwa imejikunja tangu uzazi ule, na sisi tukaikunja zaidi. Akaniambia nikunje ngumi nikae nayo tukizungumza. Baada ya muda akasema, "Sasa shika kalamu hii." Vidole vilikuwa vimechoka, kalamu ikaanguka. "Ndiyo hiyo," akasema. "Haina nguvu ya kushika kwa sababu haijapumzika."

Unajua niliona aibu ya nini? Mimi ndiye ninayewafokea wasichana wangu wapumzike kati ya mizunguko. Msuli usiopumzika haujengeki, nimeandika ubaoni kwa mkono wangu. Mwili wangu mwenyewe nikaunyima. Kwa hiyo usijibebeshe mzigo wote. Mia sita zile nilihesabu mimi.

Zoezi langu la kwanza lilikuwa kulala chali na kupumua. Basi. Navuta pumzi, tumbo linapanda, huko chini panashuka. Mara ya kwanza paliposhuka nilishtuka, kama mtu aliyekuwa na jiwe kwenye kiatu tangu asubuhi, akalitoa. Sasa ameniruhusu kukaza kidogo, na kuachia kabisa kabla ya kukaza tena. Na filimbi amenifundisha: nipulize nikiinua huko chini polepole pamoja na pumzi, nisiisukume.

Kaka yako nimemwambia. Nilimwambia jikoni, nimempa mgongo, naosha vyombo. Alikuja akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani. Kisha akasema, "Mimi nilidhani kuna kosa nimekufanyia, nikawa nalitafuta." Mwaka mzima, wifi. Mwanamume wa watu amekaa mwaka mzima akilitafuta kosa lake. Anayetaka kuhesabu makosa ya nyumba hii aanze na mimi kabla ya kufika kwako.

Mwalimu mkuu nimemwomba asimpe mtu uwanja hadi siku ya michezo, Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Tumekubaliana: nikiiendesha siku ile kwa filimbi mwanzo mpaka mwisho, nabaki. Nikirudi kwenye kengele, nahamia kwenye vitabu bila neno.

Unaniuliza, ingawa hujaniuliza, kama nimekusamehe. Sijui. Nikikumbuka ulivyosimama chini ya ngazi ukirudisha wanawake, nakusamehe. Nikikumbuka mikeka, moto unawaka upya. Sitaki kukudanganya, tumedanganyana vya kutosha.

Lakini njoo siku ya michezo. Nataka uwepo.

Wifi yako


1 Oktoba

Wifi,

Natumaini siku ya michezo ilikwenda salama. Nimesikitika sana kukosa. Mama aliamka magoti yamemkaza, na siku hiyo nilikuwa na sare za shule ya jirani zikingojwa, na ile cherehani ndiyo hiyo unayoijua. Nilitaka kuja, Mungu ni shahidi. Safari nyingine.

Karakana imetulia. Siku hizi mtu akileta koti la cheo namwomba cheti kwanza. Wengine wanasonya na kuondoka na kitambaa chao. Kijana wa maabara alinionyesha chake huku akicheka, nikamdarizia vizuri, nikamwomba radhi kwa kumsumbua.

Nakuombea mema. Wasalimie wote. Usijisumbue kujibu, najua una kazi.

Fundi


6 Oktoba

Wewe wifi,

Mama alinipigia jioni ya siku ya michezo kuniuliza kama umefika na kama umekula. Magoti yake hayajambo.

Na hata asingepiga. Nilikuona. Ulisimama nje ya ukuta wa matofali upande wa magoli, ule ulio mfupi, umejifunga kitambaa cha kijani kichwani na umeushika mkoba kifuani kwa mikono miwili. Nani mwingine anasimama hivyo? Watu wote walikuwa wanawatazama wanaokimbia. Wewe ulikuwa unanitazama mimi, kiunoni, kama fundi anayetafuta mshono uliofumuka.

Niliendesha mbio zote, wifi. Za wadogo, za magunia, za kupokezana. Filimbi tupu, kengele iko stoo. Katikati mkojo ulinitoka kidogo mara moja, sikufichi, sijapona yote. Kamba bado siruki, na mama wa miwani anasema itachukua miezi. Lakini ile mbio ya mwisho nilipuliza ya kuanza, nikapuliza ya kumaliza, nikiinua kama alivyonifundisha, na nilikuwa mkavu. Mwalimu mkuu alikuja akanipa mkono. Uwanja ni wangu.

Nikageuka kukutafuta. Ulikuwa umeshaanza kuondoka, unafuata ukuta kuelekea barabarani, umeinamisha kichwa.

Kwa hiyo nilipuliza tena. Filimbi ya tatu. Hakukuwa na mbio, hakukuwa na mtoto aliyekosea. Wanafunzi wote walisimama palepale walipokuwa, mwalimu mkuu akaniuliza hiyo ni ya nini. Nilipuliza kwa nguvu zangu zote, yote niliyonayo, mpaka masikio yakaniuma. Ilikuwa yako.

Ulisimama, nikaona mabega yako yamesimama. Kisha ukaendelea kutembea.

Mwalimu wenu wa michezo hapigi filimbi mara mbili kwa kosa moja. Geuka, wifi, urudi. Kaka yako atakusubiri kituoni Jumamosi.

Mama Filimbi